Loki haigeuzi kisu cha kukunja kuwa panga

Wengi huamini kisu cha kukunja chenye loki kinaweza kazi yote ya uani. Si kweli. Loki huzuia bapa lisijikunje, lakini mzigo bado unabebwa na loki hiyo na pini nyembamba ya kiungo, pale bapa linapokunjikia. Ukipasulia kuni, au ukikichomeka kwenye mti na kukipinda, pini hulegea, loki hukosa kushika, na kisu hukufungia vidoleni.

Cha mfukoni, bapa la sentimita 7 hadi 9 linatosha: kamba, magunia ya viazi, vijitawi vya mparachichi. Tawi linalozidi kidole gumba likate kwa msumeno.

Rungwe, wilaya ya mkoa wa Mbeya penye mvua nyingi, utomvu wa migomba hugandia kwenye kiungo mpaka loki isiingie hadi mwisho. Osha, kausha kabisa, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Hata stenlesi hushika kutu.