Majalada, simu na wingu: yanayosemwa masijala na yalivyo kweli

Dhana: Kamera ya simu haifai kupigia picha majalada ili yahifadhiwe kidijitali, bila skana ya bei mbaya usianze.

Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, chini ya milioni 9. Simu ya megapikseli 12 inatosha, tena jalada lililoshonwa halikandamizwi kwenye kioo. Kinachoharibu ni mkono. Funga simu kwenye stendi, lenzi iitazame karatasi bila kuinama, zima flashi, weka taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45. A3 itashuka hadi nukta 240 hivi. Ipige nusu nusu.

Picha usiitume WhatsApp kama picha. Inabanwa, na maandishi ya penseli pembezoni ndiyo hupotea kwanza. Itume kama dokumenti.

Dhana: Kikishapanda winguni, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni, kiko salama.

Hapa ndipo wengi huumia. Programu nyingi za wingu hulandanisha tu: ukifuta faili kwenye simu, na kule linafutika. Na wingu lenyewe ni kompyuta zilizo ndani ya jengo fulani. Machi 2021 kituo cha kampuni ya wingu ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Baadhi ya wateja walipoteza data moja kwa moja, maana hata nakala rudufu zao zilikuwa palepale.

Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na ofisi. Kabla ya kupakia, kokotoa kwa programu SHA-256 ya kila faili, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo ndani yake, na utunze orodha yake. Kila robo mwaka pakua mafaili machache, kokotoa upya ulinganishe na orodha: herufi moja ya msururu ikitofautiana, faili limeguswa au limeharibika. Akaunti nayo iwe ya ofisi. Mtumishi akihama na nywila, masijala imehama naye.

Dhana: Kwa intaneti yetu haiwezekani.

JPEG (faili la picha la kawaida la simu) ya ukurasa ikiwa MB 4, kurasa 1,000 ni GB 4. Kwa kasi ya kupakia ya Mbps 2 ni saa 4 na nusu, kazi ya usiku mmoja. Kuigeuza JPEG hiyo kuwa TIFF, aina nyingine ya faili la picha, huongeza uzito, si ubora.

Dhana: Sasa karatasi zichomwe.

Kwa Tanzania, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 hairuhusu kuteketeza kumbukumbu za umma bila idhini, hata ziwe zimepigwa picha mara ngapi.