Maslenitsa si wiki ya nyama

Kila Maslenitsa, wiki ya sherehe ya Warusi kabla ya Kwaresima, inapokaribia, wateja wanaoniagiza blini, zile chapati za maji za Kirusi, huniuliza jambo lilelile: "Za nyama ya kusaga zipo?" Nikisema hapana, wanashangaa. Si ndiyo wiki ya kumaliza nyama kabla ya Kwaresima? Siyo! Nimechoka kulijibu swali hili mmojammoja, kwa hiyo naliandika.

Katika kalenda ya Kanisa la Orthodoksi la Urusi, nyama huagwa Jumapili inayotangulia Maslenitsa. Jumatatu ikifika, nyama haipo tena mezani hadi Pasaka. Kwa siku saba zinazofuata, watu hula maziwa, siagi, jibini, mayai na samaki, hata Jumatano na Ijumaa ambazo kwa kawaida Waorthodoksi hufunga. Kanisa lenyewe huiita Wiki ya Jibini. Mfungo huingia hatua kwa hatua: nyama hutangulia kuondoka, na wiki moja baadaye hufuata maziwa na mayai. Blini zimekuwa chakula cha wiki hiyo kwa sababu rojo moja linabeba mayai, maziwa na siagi, vitu vilevile ambavyo havitaliwa wiki saba zijazo. Sasa ukizijaza nyama, umeshika desturi gani? Najua vibanda vya sherehe vinaziuza za nyama, tena zinanunuliwa sana. Wingi wa wanunuzi haubadilishi utaratibu wa mfungo.

Kosa hili huingia hata kwa wapishi. Wengi hupaka kikaango kwa kipande cha mafuta ya nguruwe kilichochomekwa kwenye uma. Blini zinatoka nyororo, sikatai, lakini mafuta hayo yametoka kwa mnyama yuleyule mliyemuaga Jumapili. Mimi hukata kiazi kibichi nusu, nakichomeka uma mgongoni, nachovya upande uliokatwa kwenye samli na kupaka kikaango kizito cha chuma kilichopata moto. Samli inakaa nyembamba, haitengenezi dimbwi. Ukitaka kujaza kitu ndani, chukua jibini laini, uyoga uliokaangwa kwa siagi, samaki wa chumvi au mayai ya samaki, umwagie smetana (malai chachu ya Kirusi) juu.

Yapo na madai mengine ninayoyasikia. "Ni sikukuu ya kipagani, na blini ni mfano wa jua." Maelezo ya jua yalienezwa sana na wanazuoni wa karne ya 19 waliopenda kuona miungu ya kale nyuma ya kila desturi. Warusi hula blini matangani pia, na vijijini ya kwanza ya Maslenitsa iliwekwa kwa ajili ya marehemu au ilipewa maskini. Jua linaingiaje hapo? Sanamu la majani makavu linalochomwa Jumapili ni la kuaga baridi, hilo sibishi. Ila siku hiyohiyo ni Jumapili ya Msamaha: ndugu na majirani huombana radhi, na kwa ibada ya jioni mfungo unaingia. Enzi ya Kisovieti sherehe za hadharani zikaitwa Kuaga Baridi, Kanisa likaachwa nje, na wengi mpaka leo wanaijua nusu hiyo tu.

"Ni wiki ya ulafi." Ni wiki ya jamaa. Kwa desturi Jumatano mama mkwe humwalika mkwewe wa kiume kula blini, Ijumaa mkwe naye humkaribisha mama mkwe, na Jumamosi ni zamu ya mawifi.

"Ni sawa na Jumanne ya mwisho ya Wakatoliki kabla ya Majivu." Mwaka 2025 Pasaka iliangukia 20 Aprili kwa wote, lakini Waorthodoksi walianza kufunga Jumatatu 3 Machi, Wakatoliki Jumatano 5 Machi. Wakatoliki hawahesabu Jumapili katika zile siku 40; Waorthodoksi wanazihesabu, ila Wiki Kuu ya kabla ya Pasaka huiacha nje ya hesabu hiyo.

"Blini ya kwanza lazima iharibike." Kikaango hakijapata moto. Subiri.

"Magadi soda yanatosha badala ya hamira." Kwa blini nyembamba za haraka, sawa. Zile nene zenye matundu zinataka hamira na muda wa kuumuka. Rojo likishaumuka usilikoroge tena, utaua mapovu yote. Chota taratibu kutoka pembeni ya bakuli.