Hedifoni za Juu ya Sikio: Boksi Lasema Hili, Sikio Lajua Lile

Katika maduka ya vifaa vya simu, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, hedifoni za bei nafuu mara nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa ndani ya boksi, na mnunuzi hutarajiwa kuamua kwa kusoma maandishi ya nje na kumsikiliza muuzaji. Ndiyo maana tumejenga imani nyingi juu ya mambo yanayoweza kuchapishwa kwenye boksi, kama vile ukubwa wa spika, upana wa masafa (kutoka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa) na ahadi ya besi nzito, huku tukisahau jambo lisilochapishika, nalo ni namna kifaa kinavyokaa juu ya sikio la mtu fulani. Kwa hedifoni za juu ya sikio, yaani zile ambazo sponji zake hulalia sikio lenyewe bila kulizingira lote wala kuingia katika tundu lake, mkao huo ndio unaoamua starehe na, kuliko wengi wanavyodhani, ndio unaoamua sauti pia.

“Hedifoni ghali ndiyo yenye sauti nzuri”

Dhana hii ina chembe ya ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo haifi. Hata hivyo, mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha, katika jarida la Chama cha Akustika (sayansi ya sauti) cha Marekani, uchambuzi wa vipimo vya hedifoni 283 za aina na bei mbalimbali, na hakukuta uhusiano wa maana kati ya bei ya hedifoni na mgawanyo wa sauti zake kutoka nzito hadi nyembamba, jambo ambalo ndilo hasa sikio hulitambua linaposema kwamba hedifoni hii ni nzuri na ile ni mbaya. Fedha ya ziada hununua vitu vingine: chuma badala ya plastiki, waya unaochomoka, teknolojia ya kupunguza kelele, udhamini na, tusifichane, jina. Koss Porta Pro, hedifoni nyepesi ya sponji na utepe wa chuma iliyoingia sokoni mwaka 1984, bado inauzwa hadi leo kwa umbo karibu lilelile, na wapo watu wenye vifaa vya bei mara kumi zaidi ambao hawajaiacha.

Chembe ya ukweli ni hii: bei ikishuka mno, ulinganifu wa pande mbili unaweza kuharibika. Kuna njia rahisi ya kulibaini hilo palepale dukani. Fungua taarifa ya habari au hotuba yoyote ya mtu mmoja na usikilize sauti yake inatokea wapi. Inapaswa kukaa katikati kabisa ya kichwa, na ikiwa inavutwa upande mmoja, geuza hedifoni, kushoto kuwe kulia. Sauti ikihamia upande wa pili, kasoro ni ya kifaa. Ikibaki palepale, hedifoni haina hatia, na pengine ni sikio lako ndilo linalohitaji kutazamwa na daktari.

“Ikiwa laini dukani, itakuwa laini na nyumbani”

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha zao. Kingo za sikio ni ngozi nyembamba juu ya gegedu, na nyuma yake kuna mfupa wa fuvu, kwa hiyo mbano ambao hausikiki kabisa katika dakika ya kwanza huanza kuuma taratibu, mara nyingi baada ya nusu saa, hasa ule ukingo wa ndani wa sikio unaojitokeza kuliko sehemu nyingine. Kuibonyeza sponji kwa kidole gumba hakukuambii lolote kuhusu hilo. Kinachosaidia ni kuivaa hedifoni kwa muda ambao muuzaji atauona mrefu, huku ukiendelea kuzungumza naye, kuuliza bei ya vitu vingine na kugeuza kichwa; ikiwa baada ya robo saa umeshaanza kuisogeza sogeza bila kujitambua, hiyo si yako.

Mvaaji wa miwani aijaribu akiwa na miwani yake, kwa kuwa sponji huubana mkono wa miwani juu ya sikio na kuugeuza kuwa kama kijiti kinachochimba. Anayevaa mtandio au ushungi naye aijaribu juu ya kitambaa kilekile anachokivaa kila siku, kwa sababu tabaka la nguo hupunguza sauti nyembamba na, likijikunja, huacha mwanya unaovujisha besi. Mwenye misuko minene ana shida ya aina nyingine: upinde wa juu hukaa juu zaidi ya ulivyokusudiwa, hivyo ni lazima ahakikishe kwamba vikombe vinavyobeba spika na sponji vinaweza kushushwa vya kutosha kufikia katikati ya sikio. Haya yote hayaandikwi kwenye boksi lolote.

Kuhusu uzito, wengine huamini kwamba kifaa kizito ni kifaa imara. Sony MDR-ZX110 ya waya ina takriban gramu 120, Sony WH-CH520 isiyo na waya ina takriban 147, na JBL Tune 510BT ina takriban 160. Tofauti ya gramu 40 haionekani mkononi, lakini utosini, baada ya saa mbili za kusikiliza, huonekana vizuri sana. Uimara hutafutwa kwingine, katika bawaba, katika sehemu ya kurefushia upinde, na pale waya unapoingia kwenye pini, ambapo ndipo hedifoni nyingi za waya hukatikia.

Na ikiwa umekwisha kuinunua nayo inabana? Upinde wenye utepe wa chuma ndani hulegea kidogo ukiachwa umevishwa kwenye rundo la vitabu lenye upana unaozidi kidogo kichwa chako kwa usiku mmoja au miwili. Upinde wa plastiki tupu usiulazimishe, utavunjika.

“Besi nzuri hutokana na spika kubwa”

Maboksi hupenda kutaja kipenyo cha spika ya ndani, milimita 30, 32 au 40, na muuzaji hulisoma tarakimu hilo kana kwamba limemaliza ubishi. Kipenyo kina nafasi yake, lakini katika hedifoni za juu ya sikio adui mkubwa wa besi ni mwanya kati ya sponji na sikio. Sauti nzito zinahitaji hewa iliyozibwa; penye mwanya, hewa hiyo hutoka na besi hutoka nayo, ilhali sauti za kati na nyembamba hubaki karibu kama zilivyokuwa. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kuivaa hedifoni ileile, mmoja akasifu mdundo wake na mwingine akaapa kwamba ameuziwa bati.

Jipimie mwenyewe. Cheza wimbo unaoujua vizuri, wenye gitaa la besi linalosikika, kisha bonyeza vikombe vyote viwili polepole kwa viganja. Besi ikiongezeka kidogo tu, hedifoni imekukalia vyema; ikijaa ghafla kana kwamba umebadilisha kifaa, basi umbo lake na umbo la sikio lako havijapatana, na ukiinunua utakuwa ukiusikiliza ule wimbo uliokuwapo kabla ya kubonyeza.

Hapa pia pana mvutano ambao wauzaji hawautaji: mbano unaoziba vizuri ndio unaoumiza, na ulegevu unaostarehesha ndio unaovujisha. Hakuna hedifoni ya bei nafuu iliyoumaliza mvutano huu. Kila mtengenezaji amechagua mahali pa kusimama. Mimi humshauri mtu anayesikiliza kwa saa nyingi achague starehe na kuongeza besi kidogo kwa kirekebisha sauti kilichomo kwenye simu yake, kwa kuwa besi inaweza kurekebishwa kwa programu, maumivu hayarekebishiki. Anayesikiliza zaidi habari, mawaidha au vitabu vya sauti asijali kabisa suala la besi, maana ubayana wa maneno hubebwa na sauti za kati.

“Namba zikiwa kubwa, kifaa ni bora”

Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban kuanzia hezi 20 (sauti nzito kabisa) hadi hezi 20,000 (nyembamba kabisa), na upeo wa juu hushuka kadiri umri unavyosogea. Hedifoni inayojigamba kufika hezi 40,000 inaahidi kitu ambacho hakuna sikio la binadamu litakalokidai. Zaidi ya hapo, namba ya masafa isiyoambatana na kiwango cha mkengeuko katika desibeli (kipimo cha ukali wa sauti), yaani sauti hupanda au kushuka kwa kiasi gani ndani ya masafa hayo, haisemi chochote, kwa sababu hata spika duni hutoa sauti hafifu mno katika masafa hayo. Namba yenye manufaa ni ya ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu: kwa simu ya kawaida, hedifoni ya omu 16 hadi 60 au hapo karibu haitakusumbua, lakini ya omu 250, ambayo mara nyingi hutengenezewa studio, huenda ikasikika kwa sauti ndogo.

Na ukiambiwa kwamba hedifoni ya waya ina maikrofoni, hesabu mistari kwenye pini. Mitatu, huenda ipo, miwili, haipo.

“Hazidhuru masikio kwa kuwa haziingii ndani”

Nimeisikia hoja hii hata kwa wazazi wanaowanyima watoto visikilizi vya kuchomeka na kuwanunulia hedifoni za juu ya sikio kama kinga. Kinachodhuru ni ukali wa sauti na muda wa kuisikiliza, si mahali spika ilipokaa. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa, haviot­i tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda salama kwa nusu, hivyo kwa desibeli 90 mtu mzima amebakiwa na saa zipatazo nne kwa wiki nzima.

Hedifoni za juu ya sikio zina hatari yake ya pekee katika jambo hili, kwa sababu hazizuii kelele za nje vya kutosha. Ndani ya daladala au matatu, msikilizaji hupandisha sauti ili ishinde injini na redio ya dereva, naye haoni kwamba amepandisha sana hadi anaposhuka na kuingia mahali patulivu. Kwa safari za namna hiyo kila siku, visikilizi vya kuchomeka vinavyoziba vizuri vinaweza kuwa salama zaidi, kwa kuwa humwezesha mtu kusikiliza kwa sauti ya chini.

Je, teknolojia ya kupunguza kelele haitamaliza tatizo? Hufanya kazi vizuri dhidi ya mngurumo wa chini usiobadilika, kama wa injini ya ndege au feni, lakini honi, kelele za kondakta na mazungumzo ya jirani hupenya kwa kiasi kikubwa. Nayo pia hutegemea mzibo wa sponji, kwa hiyo katika hedifoni ya juu ya sikio ya bei ya chini ningelihesabu kuwa jambo la ziada, si sababu ya kununua.

“Zisizo na waya zina mionzi, na sauti yake ni mbovu”

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya takriban gigahezi 2.4, yasiyo na nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili, na hedifoni nyingi hurusha kwa nguvu ya miliwati chache tu, chini sana ya kile ambacho simu iliyobandikwa sikioni inaweza kurusha inapotafuta mtandao wa mbali. Kuhusu sauti, kwa nyimbo za kila siku wengi hawatatambua tofauti. Kinachotambulika ni ucheleweshaji katika michezo ya simu. Swali zito zaidi ni betri. Tune 510BT na WH-CH520 hazina tundu la waya, hivyo chaji ikiisha kifaa kimenyamaza, na betri ikichoka baada ya miaka kadhaa, kuibadilisha si kazi ya kila fundi.

“Sauti huiva baada ya kuichezesha kwa saa nyingi”

Mengi ya yale ambayo watu huyaita kuiva ni sikio kuzoea, na pia sponji kulainika na kuanza kuziba vizuri zaidi. Kwa hiyo usikubali kuambiwa uvumilie hedifoni yenye sauti mbaya mpaka muda wa kuirudisha upite.

Sponji zenyewe ndizo sehemu inayozeeka haraka. Ngozi bandia ya polyurethane huathiriwa na jasho, joto na unyevu, na katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyonasa shavuni. Kuifuta kwa kitambaa kikavu baada ya kuivaa na kutoiacha ndani ya gari juani huirefushia maisha. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama sponji za akiba za modeli hiyo zinapatikana, kisha jaribu kuona kama zinatoka kwa vidole. Zile zilizogundishwa kwa gundi zitakulazimu kununua hedifoni nyingine, hata kama spika na upinde wake bado ni vizima.