MRI ya mishipa ya damu: kuwahi kutoka si kulipuliwa

"Mbona mimi nimetoka upesi hivyo? Si wamenilipulia?" Mzee mmoja aliniuliza hivyo kwenye benchi la kusubiria, bahasha yenye picha za mishipa ya shingo yake ikiwa mapajani.

Dhana: Kipimo cha haraka ni cha kulipua.

Ukweli: Kinachokula muda kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ni kukusanya mawimbi ya redio, mstari baada ya mstari, ndipo kompyuta iyageuze kuwa picha. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake huko Zurich walieleza mbinu ya SENSE. Koili kadhaa, yaani mizingo ya waya inayonasa mawimbi hayo, husikiliza kwa wakati mmoja, kila moja kutoka upande wake, kama mashahidi wanne wa ajali moja. Kwa kulinganisha walichosikia, mashine inaweza kuruka mistari mingi. Mwaka 2007 Michael Lustig, David Donoho na John Pauly wakaonyesha kwamba picha ya mishipa, ambayo kimsingi ni nyuzi chache nyeupe gizani, hujengeka hata kwa data kidogo iliyookotwa bila mpangilio.

Bure haipo, lakini. Ukiharakisha mara 4 kwa kuruka mistari, nguvu ya mawimbi dhidi ya chenga hushuka hadi nusu au chini zaidi. Fundi mzuri anajua pa kukanyaga breki.

Dhana: Kasi inatokana na mionzi mikali.

Ukweli: MRI haitumii eksirei. Ile kelele ya kugongagonga ni koili nyingine zinazotikisika umeme unapowashwa na kuzimwa ndani ya sumaku.

Dhana: Bila sindano mishipa haionekani.

Ukweli: Nyama iliyotulia hupigwa mawimbi mfululizo hadi "inachoka" na kufifia. Damu mpya inayoingia haijachoka, kwa hiyo inang'aa yenyewe. Sindano ya gadolini, dawa inayoing'arisha damu kwenye picha, hutumika panapohitajika picha ya haraka ya eneo kubwa. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kabla ya kudungwa.

Dhana: Mshipa uliokatika kwenye picha umeziba.

Hii ndiyo iliyokuwa inamsumbua mzee. Aliinua picha moja kwenye mwanga wa dirisha, akaniwekea kidole penye pengo jeusi. Kwenye njia isiyo na sindano, damu inayokwenda polepole, au inayovurugika baada ya kupita pembamba, hupoteza mng'ao, hata mshipa uliopungua tu ukaonekana umekatika. Nikamwambia amuulize daktari kama pengo lile limelinganishwa na ultrasaundi. Akairudisha picha kwenye bahasha, akasogea karibu na mlango.