Kura yako ipo: dhana potofu kuhusu uchaguzi wa halmashauri za wilaya Uingereza

Mei 4, 2023, wapiga kura wa Mid Suffolk, wilaya ya mashamba na miji midogo kama Stowmarket, Eye na Needham Market mashariki mwa Uingereza, walifanya jambo ambalo halikuwahi kutokea nchini humo. Chama cha Green kilitwaa viti 24 kati ya 34 vya halmashauri. Conservative, chama kilichokuwa kikitawala nchi wakati huo, waliokuwa na viti 16 miaka minne kabla, walibaki na 6, na Liberal Democrats wakapata 4. Kabla ya hapo Green hawakuwahi kuishika halmashauri yoyote kwa wingi wa viti vyao wenyewe.

Siku za matokeo kama zile Waswahili wanaoishi Uingereza hufuatilia habari kama watu wengine, na mazungumzo hujaa mambo yasiyo sahihi. Mengine ni madogo, lakini moja linatunyima haki yetu, na hilo nitalitolea nafasi kubwa zaidi.

“Uchaguzi wa madiwani ni kura ya kumpima Waziri Mkuu”

Magazeti ndiyo yanayoutangaza hivyo. Ni kweli kwamba hasira dhidi ya serikali hufika hadi kwenye kata: Mei 2023 Conservative walipoteza zaidi ya viti 1,000 kote Uingereza, na mwaka uliofuata wakaondoka madarakani. Lakini kumbuka 2017. Mwezi Mei wa mwaka huo Conservative waliongeza viti vya udiwani zaidi ya 500. Wiki tano baadaye Waziri Mkuu wao, Theresa May, akapoteza wingi wa viti bungeni.

Anayechaguliwa ni diwani, na diwani wa wilaya ana kazi zake: kukusanya taka za majumbani, vibali vya ujenzi, kuwapokea wasio na makazi, posho ya nyumba, usafi wa migahawa. Shule, barabara na huduma za wazee, pale penye ngazi mbili za serikali za mitaa, ziko kwa halmashauri ya kaunti, ambayo ina uchaguzi wake. Watu huchanganyikiwa kwa sababu bili ya kodi ya halmashauri (council tax) hutumwa na wilaya, ilhali sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kaunti na polisi. Kwa hiyo ukimlaumu diwani wa wilaya kwa shimo la barabarani, umekwenda mlango usio wake.

“Jumlisha kura zote utajua wangapi walipiga”

Hapana. Kata nyingine zina diwani mmoja, nyingine wawili au watatu, na mpiga kura hupewa kura kulingana na idadi ya viti. Katika kata ya madiwani wawili anaweza kuweka alama mbili, au moja tu akipenda. Ukijumlisha kura za wagombea wote utapata idadi inayozidi watu waliofika kituoni. Waliojitokeza huandikwa peke yao, na katika chaguzi hizi mara nyingi ni kama thuluthi moja tu ya walioandikishwa.

Viti navyo havigawanywi kwa asilimia. Anayeongoza katika kata ndiye mshindi, hata kwa kura moja. Chama kinaweza kushika nafasi ya pili katika kila kata na kisiambulie kiti hata kimoja.

“Wakilingana, uchaguzi unarudiwa”

Haurudiwi. Sheria inamtaka msimamizi wa uchaguzi apige kura ya bahati nasibu papo hapo. Mwaka 2017, katika halmashauri ya Northumberland, wagombea wawili wa kata ya South Blyth walifungana, mmoja wa Conservative na mwingine wa Liberal Democrats. Wakavuta vijiti. Conservative walikuwa na viti 33 kati ya 67, wakihitaji kimoja tu wawe na wingi, na kijiti kikawaangusha. Mtu mmoja zaidi wa kata ile angekwenda kupiga kura siku hiyo, huenda halmashauri nzima ingekuwa na sura nyingine.

“Tume ya uchaguzi ndiyo inayotangaza”

Kwetu tumezoea kusubiri tume. Uingereza ina Tume ya Uchaguzi, lakini haihesabu kura wala haitangazi mshindi wa udiwani. Kila halmashauri ina msimamizi wake, kwa kawaida mtendaji mkuu, naye hutangaza kata moja baada ya nyingine ukumbini, mbele ya wagombea. Halmashauri nyingi huanza kuhesabu Ijumaa mchana, siku moja baada ya kura, ndiyo maana matokeo hutoka kwa vipande. Ukichelewa kuyaona, usihisi hila. Mwenye malalamiko huyapeleka mahakamani ndani ya siku 21.



“Mimi si raia, hayanihusu”

Hii ndiyo dhana inayoniuma. Nimeisikia kwa wauguzi, kwa madereva, kwa wanafunzi, watu wanaolipa kodi na kulalamikia mapipa ya taka mwaka mzima.

Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, ana haki ya kupiga kura ya udiwani. Ana haki hata ya kura ya ubunge. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote ni wanachama. Si lazima uwe na ukaazi wa kudumu. Viza ya kazi au ya masomo inatosha. Mwanafunzi mwenye anwani mbili katika halmashauri mbili anaweza kuandikishwa kote, na kumchagua diwani kote. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo kwa njia hii, maana nchi zao si wanachama, hivyo wao husubiri hadi wapate uraia wa Uingereza.

Kujiandikisha ni bure na hufanyika kwa intaneti, mradi uwahi siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Hivyo aliyetoka zamu ya usiku hupita akirudi nyumbani, na anayekwenda kuianza hupita akienda.

Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na hapo tena watu huogopa bure. Pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inakubalika. Hata iliyokwisha muda inakubalika, ikiwa picha bado inafanana nawe. Kitambulisho cha taifa cha nyumbani ndicho kisichokubalika. Asiye na hati yoyote inayofaa huomba halmashauri yake cheti cha mpiga kura, nacho hakina malipo.

Tena haki haiishii kwenye kupiga kura. Mwana wa Jumuiya ya Madola mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kugombea udiwani yeye mwenyewe, akiwa na uhusiano na eneo hilo: ameandikishwa hapo, au ameishi au kufanya kazi hapo kwa mwaka mzima. Haweki dhamana ya fedha. Anahitaji saini mbili tu za wapiga kura wa kata anayoigombea.