Je, wajua timu ya futiboli ya Kimarekani hujengwaje juu ya mbio, yaani kukimbia na mpira badala ya kuurusha?

Kwa miaka kadhaa niliamini jibu ni jepesi: tafuta wanaume wazito, mmoja abebe mpira apasue katikati, rudieni hivyo hivyo mpaka wapinzani wachoke. Ushahidi nilidhani ninao. Katika NFL, ligi kuu ya mchezo huo, timu iliyokimbia na mpira mara 30 au zaidi kwa kawaida ndiyo iliyoshinda. Basi, kimbia sana utashinda.

Kumbe nilishika mkia nikidhani ni kichwa. Pasi ikianguka bila kudakwa, saa husimama. Mbebaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea. Kwa hiyo timu inayoongoza hukimbia makusudi ili imalize muda, na iliyo nyuma hurusha kwa sababu muda unaiishia. Wingi wa mbio mara nyingi ni matunda ya kuongoza. Siku ya mvua miavuli hujaa barabarani, lakini hakuna aliyewahi kuita mvua kwa kufungua mwavuli.

Kosa hilo lilikuwa na pacha wake: kwamba lazima ukimbie sana kwanza ndipo hila ya kujifanya unakabidhi mpira, kisha ukaurusha, imdanganye mlinzi. Wachambuzi wa takwimu za NFL wamekuta hila hiyo inafanya kazi vizuri hata kwa timu zinazokimbia kidogo. Mlinzi hadanganywi na hesabu ya mbio zilizopita. Anadanganywa na mkono ulionyooshwa mbele ya macho yake. Tahadhari tu: huo ni wastani wa ligi nzima, na timu iliyojengwa kwa mbio tangu msingi si ya wastani.

Basi inajengwaje? Kwa kuhesabu vichwa. Kila upande una watu 11. Kwa kawaida kwotabeki, yaani mpangaji wa mashambulizi, akishakabidhi mpira anabaki mtazamaji. Ukimtoa yeye na mbebaji, wanabaki wazuiaji 9 wa kumfungulia njia dhidi ya walinzi 11. Lakini kwotabeki akiwa naye ni mkimbiaji, hesabu inageuka. Timu inamwacha mlinzi mmoja wa pembeni kwa makusudi, hakuna anayemgusa. Kwotabeki anauweka mpira tumboni mwa mwenzake bila kuuachia, macho yote kwa yule mlinzi. Mlinzi akimkimbilia huyo mwenzake, kwotabeki anauvuta mpira na kupita nje. Akisubiri nje, mpira unaachiwa upite ndani. Mfikirie mlinzi wa shamba lenye mianya miwili na mbuzi wawili: akiukimbilia mwanya mmoja, mbuzi wa pili ameshaingia kwenye mahindi. Mshika mbili moja humponyoka. Mlinzi ameondolewa mchezoni bila kuguswa, na mzuiaji aliyebaki huru anakwenda kumkabili mwingine.

Baltimore Ravens walijenga timu nzima juu ya hesabu hiyo. Lamar Jackson alishika nafasi ya kwotabeki Novemba 2018, na kwa msimu wa 2019 kocha John Harbaugh na Greg Roman, mratibu wa mashambulizi, wakausuka mfumo upya kumzunguka. Wakamleta mkimbiaji Mark Ingram. Wakamtumia Patrick Ricard, mtu wa zaidi ya kilo 130, kufungua njia, na msimu huo huo alicheza pia safu ya ulinzi! Matokeo yake ni yadi 3,296 za mbio, rekodi ya ligi iliyovunja ile ya New England Patriots ya 1978. Jackson peke yake alikimbia yadi 1,206. Dhidi ya Cincinnati Bengals alibaki na mpira, akazunguka kama pia katikati ya walinzi na kwenda kufunga kutoka yadi 47. Mpaka leo narudia kuitazama.

Walishinda mechi 14 kati ya 16. Kisha, Januari 2020, Tennessee Titans wakaja Baltimore kwa mchujo na kutangulia mapema. Ravens, timu ya mbio kuliko zote, wakalazimika kurusha: Jackson alirusha pasi 59. Upande wa pili Derrick Henry wa Titans, ambaye timu yake ilikuwa inaongoza, akapewa mpira mara 30 na kukimbia yadi 195. Ilikwisha 28 kwa 12.