Mgongo wa Kitabu Ndio Unaoumbua

Kazi yangu ni kupanga vitabu vya waandishi ili vichapwe. Kila mara natumiwa mswada kwa WhatsApp, faili la Word, na swali lilelile: "Kaka, nakala moja shilingi ngapi?" Siku hizi swali hilo linajibika. Kwenye ofseti, uchapaji wa zamani wa nakala nyingi, lazima ulipie sahani za kuchapia kabla karatasi ya kwanza haijaingia mashineni, na gharama yake ni ileile uchape nakala 10 au 2,000. Ndiyo maana waandishi walichapa maboksi kwa maboksi halafu wakalala nayo chumbani. Mashine ya dijitali haina sahani, kwa hiyo unachapa kwa oda: leo 5, mwezi ujao 30.

Programu nazo si kisingizio. Kurasa za ndani nazipanga kwa LibreOffice Writer, jalada kwa Scribus. Zote ni za bure. Kwa kitabu cha A5 (milimita 148 kwa 210) chagua kurasa zinazoakisiana (ya kushoto na ya kulia zikitazamana), pambizo ya ndani milimita 20, ya nje 15. Ukiibana ya ndani, gundi inameza maneno na msomaji atakivunja kitabu mgongo ili asome.

Kinachonila muda ni lugha. Mswada ulioandikwa kwenye kompyuta iliyosetiwa Kiingereza, ukiwasha ukataji wa maneno mwisho wa mstari, unakatwa Kiingereza: "kiban-da", wakati silabi zetu zinaishia na irabu, "kiba-nda". Mimi nauzima. Lakini jaribu kunyoosha pande zote mbili mstari wenye "walivyokuwa wakitutayarishia". Unabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Hapo nakata kwa mkono, Ctrl pamoja na kistari, ambacho hupotea chenyewe neno likihamia katikati ya mstari. Kazi ya kuchosha, sikufichi.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: Amazon, duka la mtandaoni linalochapa vitabu kwa oda, wanakupa ya bure, ila inatumika kwao tu. Kwa vitabu utakavyouza huku, omba yako Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wakenya huiomba maktaba ya taifa lao.

Sasa mgongo. Niliwahi kupanga riwaya ya kurasa 176. Mwandishi ana ndugu Marekani, nauli ya kuwatumia kitabu kimoja ingezidi bei ya kitabu chenyewe, basi tukaanza na Amazon ili wachapiwe hukohuko. Kwa karatasi yao ya rangi ya maziwa, kila ukurasa unahesabiwa inchi 0.0025. Zidisha kwa 176: inchi 0.44, yaani milimita 11 na ushee. Jalada likatoka safi. Nikachukua jalada lilelile nikampelekea mchapaji hapa mjini, nakala 40, bila kuomba hata prufu (nakala ya majaribio) moja.

Huku tulitumia karatasi ya gramu 80. Kurasa 176 ni karatasi 88, na karatasi moja ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ulitaka kama milimita 9. Mkanda mwekundu wa mgongo ukachungulia mbele ya jalada, milimita 2, kwenye nakala zote 40. Majalada mapya nililipa mimi.

Siku hizi nikifika kwa mchapaji naomba karatasi tupu za aina atakayotumia, nahesabu 88 au zozote zinazohitajika, nazibana kwa vidole, ndipo natoa rula.